Kumpeleka Yosefu Abuku

Niliondoka nyumbani kwetu Ayivu nikiwa na sababu mbili, moja ya kuwaambia watu na nyingine ya kunikosesha usingizi.

Ya kuwaambia watu ilikuwa sanamu. Kigango kimoja cha Abuku, wilayani Koboko, kilikuwa kimemleta Mtakatifu Yosefu wao mjini Arua atengenezwe. Dhoruba ilikuwa imeng'oa mabati ya kanisa, boriti ikaanguka, na mkono wa Yosefu unaombeba mtoto Yesu ukavunjika kiwikoni. Sasa fundi alikuwa amemaliza, sikukuu ya Yosefu ilikuwa kesho yake, na alitakiwa mtu wa kumrudisha.

Ya kunikosesha usingizi ilikuwa Gloria, binti wa katekista wa kigango hicho. Tulisoma pamoja chuo cha ualimu, yeye hisabati, mimi Kiswahili. Nilimpenda tangu mwaka wa kwanza, na hilo ndilo jambo pekee maishani mwangu ambalo sikulifikiria mara mbili. Lakini wakati mimi nikitafuta maneno ya kumwambia, mwingine alikuwa ameshayasema. Gloria alimaliza chuo akiwa na mimba. Mwanaume huyo akavuka mpaka kwenda kufanya kazi Sudan Kusini, na baada ya muda simu yake ikawa haipokelewi. Mtoto akazaliwa, wa kiume, wakamwita Taban. Nilianza kumpigia Gloria kila jioni kuuliza hali ya mtoto, mpaka jioni moja nikamwambia kwamba ninataka kumuoa.

Hakusema ndiyo wala hapana; alinieleza desturi ya kwao.

"Siku ya Yosefu, kwetu wanaume ndio hubeba watoto. Mgongoni, kwa leso, kama sisi. Wanatoka kisimani mpaka kanisani. Mlangoni baba yangu anamwuliza kila mmoja: huyu ni mtoto wa nani? Ukisema 'wangu', imekwisha. Hapa Abuku hakuna mtu atakayekuruhusu kusahau."

"Na nisiposema?"

"Mlete tu Yosefu, unywe chai, urudi kwenu. Sitakasirika, Adriko. Ila usimbebe mwanangu kwa huruma."

Hayo ndiyo niliyoondoka nayo. Baba yangu alifariki kabla sijaanza shule. Nakumbuka koti lake lililotundikwa msumarini kuliko ninavyokumbuka uso wake. Kwa hiyo nilijiuliza: baba hufanya nini hasa, asubuhi, akishaamka? Mtoto akilia, husema nini? Kazi sina, bado nangoja ajira. Na yule wa ng'ambo akirudi je? Mama sikumwambia lolote. Nilimwambia napeleka sanamu.

Arua, asubuhi, nilimkuta fundi kwenye karakana yake karibu na soko, akipangusa vumbi la mbao. Mkono ulikuwa umeunganishwa vizuri, kovu halionekani. Lakini alikuwa pia amempaka rangi upya bila kuombwa. Yosefu niliyemzoea tangu utotoni ni mzee wa ndevu za kijivu, mtu aliyekwisha kumaliza mambo yake. Huyu alikuwa na nywele nyeusi na ndevu changa zilizozunguka kidevu tu, kama mmoja wa vijana wa boda waliokuwa wakingoja abiria hapo nje.

"Umemfanya kijana," nikasema.

"Rangi ya kijivu iliisha," akajibu. "Halafu, kwani yeye alioa akiwa mzee?"

Nilimtazama Yosefu, naye alikuwa akimtazama mtoto mkononi mwake kwa macho ya mtu ambaye amepewa kitu na anaogopa kukiangusha. Haikuwahi kunijia akilini kwamba aliogopa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa, mpaka fundi akaniuliza kama kuna dosari.

Tulimfunga kwa blanketi. Saa tatu hivi dereva wa pikapu akafika, mtu wa Koboko aitwaye Swaib, mwana wa familia ya wanajeshi, mwenye kofia ya darizi, Kiswahili cha kambini na mdomo usiopumzika. Nyuma alikuwa amepakia magunia ya unga wa muhogo ya kupeleka Oraba, mpakani, na tulikubaliana kwamba tungefika kwanza huko, kisha angenipeleka Abuku.

"Mwalimu, mzee nakaa nyuma na unga?"

"Hapana. Nitampakata mimi."

"Mh. Basi yeye nalipa nusu, kama mutoto."

Kutoka Arua barabara ni ya lami mpaka Koboko, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Kila upande watu walikuwa shambani wakilima, udongo mwekundu umegeuzwa, na moshi wa magugu ukipanda taratibu. Yosefu alikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la kwanza na uzito wa mfuko wa saruji uliopunguzwa kidogo. Sikujua nimshike vipi. Nikimkumbatia, naona aibu; nikimwegemeza mlangoni, naogopa shimo. Mwishowe nilimlaza magotini, kichwa chake kwenye mkono wangu.

Tulipofika Maracha, kizuizini, askari polisi akachungulia dirishani. Blanketi lilikuwa limeteleza na nyayo mbili zilikuwa zimetokeza. Akarudi nyuma hatua moja.

"Hii ni maiti?"

"Hapana, afande," Swaib akasema. "Hii ni baba ya Isa."

Nilifungua blanketi upesi. Askari alimtazama Yosefu, akanitazama mimi, akavua kofia yake, akafanya ishara ya msalaba. "Mbona kijana hivi?" akauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba hataki Yosefu asikie. Kisha akatuinulia kizuizi.

Kizuizi kilipobaki nyuma, Swaib akarudia neno lake.

"Mwalimu, mimi nasema baba ya Isa kwa sababu wewe nasema hivyo. Kwetu sisi iko Mariam na Isa tu. Mariam nazaa peke yake, chini ya mtende. Huyu mzee mimi hapana jua."

"Hayupo kabisa?"

"Hayuko. Na mutoto nakua tu."

Aliyasema bila ubaya, akapiga honi kuwafukuza mbuzi. Lakini maneno hayo yalikaa nami hadi tulipouona mlima Liru ukiwa na wingu begani. Mtoto nakua tu. Mama yangu alinilea peke yake, nikakua. Gloria anaweza kumlea Taban peke yake, na atakua. Kisa kinaweza kusimuliwa bila Yosefu, na mamilioni ya watu husimulia hivyo. Kwa hiyo alikuwa wa nini?

Niliinama nikamtazama uso. Injili yetu inasema alikusudia kumwacha Maria kimyakimya, na hakuna ambaye angemlaumu. Ruhusa ya kuondoka ilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyemhitaji kwa lazima, naye akabaki. Nimesikia misa za Yosefu maisha yangu yote, na sikuwahi kuliona jambo hilo likisimama peke yake namna hiyo. Nilikuwa nimempakata mtu ambaye angeweza kwenda zake.

Oraba tulifika adhuhuri. Malori ya kwenda Juba yalikuwa yamepanga foleni ndefu, madereva wamelala chini ya trela, mawakala wa forodha wanakimbia na karatasi, na wabadilisha fedha wameketi na mabunda yao. Wakati Swaib akishusha unga, wakala mmoja aligonga kioo.

"Huyu navuka?"

"Havuki," nikasema.

"Ah. Angevuka, karatasi yake ningefanya mimi. Yeye iko na kazi gani?"

"Seremala."

"Kule Juba seremala napata kazi haraka!" akacheka, akaenda zake.

Nilibaki nikitazama ng'ambo, upande wa Kaya, ndani ya Sudan Kusini. Watu walikuwa wakivuka kwa miguu na mizigo yao, wengine wakija, wengine wakienda. Yule mwanaume alipita hapa. Nilitaka kumchukia, nikashindwa kwa kuwa sikuijua hata sura yake. Nilichoweza ni kuogopa kwamba kila anayetembea kuja upande wetu ni yeye, amekuja kuchukua kilicho chake.

Swaib alirudi akipangusa unga mikononi. "Naangalia nani?"

"Mtu fulani."

"Yeye natoka?"

"Hatoki."

"Basi twende. Mzee yako nachoka na jua."

Abuku tuliingia alasiri, kwa barabara ya vumbi kati ya mashamba ya muhogo. Kanisa ni la matofali, na mabati mapya yalikuwa yaking'aa. Swaib aliniteremsha, akaondoka kwenda kwake. Juu ya ngazi alikuwapo mwanaume mwembamba mwenye mvi, misumari mdomoni, akigongelea bati la mwisho. Ndiye Katekista Lumago, baba yake Gloria, mwanajeshi mstaafu. Alishuka, akatema misumari mkononi, akafunua blanketi.

"Huyu Yosefu nani narudisha?"

"Mimi, mzee. Shikamoo. Naitwa Adriko. Rangi ya kijivu iliisha, lakini fundi anaweza kumrekebisha, nilifikiria kwamba..."

"Sikuuliza wewe nafikiri nini." Alipitisha kidole kwenye ndevu nyeusi. "Umri hii," akasema polepole, "ndiyo umri ya mutu ile ilibeba mimi."

Nikamwomba anieleze. Alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, akaanza kunyoosha misumari iliyopinda kwa nyundo huku akisimulia. Wakati wa vita, West Nile nzima, yaani mkoa wetu wote, ilipokimbilia ng'ambo ya mpaka, yeye alikuwa mtoto mdogo aliyepotezana na wazazi wake njiani. Wanawake walikuwa na vyakula vichwani na vyungu mikononi, kwa hiyo wanaume ndio waliowabeba watoto, wengine wakawaokota wasio wao. Kijana mmoja wa Abuku, ambaye hakuwa hata ameoa, alimwinua na kumfunga mgongoni kwa leso ya mtu aliyefariki. Mpakani askari wa upande wa pili akamzuia. Mtoto wa nani huyu?

"Yeye najibu neno moja. 'Yangu.' Askari nasema, 'Pita.'" Lumago alipiga msumari. "Baba yangu ya damu hakuonekana tena. Huyu kijana nalea mimi mpaka naingia jeshi. Tuliporudi hapa, wanaume nasema: Yosefu pia ilikimbia na mutoto kwenda Misri, mutoto haikuwa ya damu yake. Basi siku yake tutabeba. Kila mwaka."

Niligeuka kutazama njia tuliyojia na kwa mara ya kwanza nikaiona ilivyokuwa: imejaa watu, vumbi, wanaume wakitembea haraka na vichwa vidogo vikitikisika migongoni mwao.

Gloria alitoka jikoni akiwa amembeba Taban kiunoni. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa yaleyale ya darasani, ya mtu anayesubiri umalize ili akuonyeshe ulipokosea. Tulikula enyasa, ule ugali mweusi wa muhogo na mtama, kwa maharage yaliyoungwa simsim. Hakuniuliza nimeamua nini. Taban alinitazama muda wote, kisha akaninyang'anya kijiko.

Asubuhi ya sikukuu, baada ya umande kukauka, wanaume walianza kukusanyika kisimani. Nilidhani wangekuwa wachache. Walikuja kwa vijia vyote, wakulima wenye magoti yenye udongo, walimu wa shule ya msingi, mzee mmoja wa fimbo na mjukuu wake, na kila mmoja alikuwa na leso begani. Palikuwa na mwiko mmoja: mwanamke haruhusiwi kusaidia kufunga. Wanawake walisimama kando wakishika majembe na mapanga ya waume zao ambayo yangebarikiwa, na walikuwa wakifurahia kuliko watu wote.

"Wee, mutoto si gunia ya mihogo!"

"Funga chini ya matako! Chini! Huyu naanguka!"

Nikamwona Swaib. Kofia yake ya darizi, binti yake mdogo mgongoni, fundo limefungwa kama la mtu aliyezoea.

"Ulisema humjui mzee huyu," nikamwambia.

"Yeye mimi hapana jua," akasema. "Lakini kukimbia, mimi najua. Baba yangu ilikimbia na mimi."

Gloria alinijia akiwa na Taban na leso ya njano. Alisimama mbele yangu. Nikaona kwamba angesimama hivyo mpaka nitakapojua, na nisipojua angegeuka na kurudi, na kweli asingekasirika. Ndani ya kichwa changu maswali yote yalisimama foleni kama malori ya Oraba: kazi, mama, yule wa ng'ambo, koti msumarini. Mikono yangu ikamchukua mtoto kabla foleni haijasogea.

Kumfunga kulinishinda. Aliteleza, nikamshika mguu, wanawake wakapiga yowe. Swaib akanigeuza, akaninamisha, akavuta leso kwa nguvu. "Inama kama mutu nachimba. Sasa simama." Nilisimama. Uzito wa Taban ulitulia mgongoni, na shavu lake likagusa uti wangu kati ya mabega.

Msafara ukaanza. Mbele, wanaume wanne walimbeba Yosefu kwenye machela ya mianzi. Nilitarajia nyimbo na ngoma, lakini desturi yao ni kwenda kimya, kwa kuwa waliokimbia walikwenda kimya. Ilisikika tu miguu kwenye vumbi, kikohozi, mtoto mmoja akiguna. Wanaume mia au zaidi, waliozoea kupiga kelele sokoni na kwenye pombe, walitembea wameinama kidogo mbele, mikono imefumbatwa nyuma chini ya watoto wao, na hakuna aliyesema neno. Jua lilikuwa likipenya kwenye majani ya muhogo. Nimeshiriki ibada nyingi katika makanisa makubwa, na sijawahi kuhisi kama nilivyohisi katika njia ile nyembamba, kwamba Mungu yu karibu kiasi kwamba nikigeuza kichwa nitamwona. Taban alilala. Pumzi yake ilikuwa ikipita kwenye shati langu, ndani, nje, na nikajikuta nikitembea kwa kuifuata.

Kisha mgongo wangu ukapata joto, na joto likateremka mpaka kiunoni.

Mlangoni mwa kanisa Lumago alikuwa amesimama wima, suti yake ya kaki imepigwa pasi, fimbo mkononi. Yosefu alikuwa ametuliwa kando yake. Padri alikuwa ndani altareni akingoja kuanza misa.

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Pita."

Mmoja baada ya mwingine. Swaib: wangu, pita. Mzee wa fimbo: wangu, pita. Foleni ilivyopungua ndivyo nilivyozidi kutunga. Ningesema kwamba ninafahamu mimi si baba wa damu, lakini kwa hiari yangu, na kwa kuzingatia hali ya ajira, na mama yangu akiridhia...

"Mtoto wa nani?"

Alikuwa babu wa mtoto huyu, na hakuna chochote usoni mwake kilichoonyesha hivyo.

"Kwa kweli, mzee," nikaanza, "mimi nilikuwa nafikiria..."

Nyuma yangu mtu akacheka puani. Lumago hakucheka. "Mwalimu, swali iko moja."

Nilimtazama Yosefu kando yake. Injili zote nne hazina neno hata moja lililotoka kinywani mwake. Anaota, anaamka, anafanya. Ndevu changa, kovu lisiloonekana kiwikoni, na mtoto palepale alipokuwa kabla boriti haijaanguka.

"Wangu," nikasema.

Fimbo iligusa mwimo wa mlango.

"Pita."

Baada ya misa Gloria alinikuta uani, akamfungua Taban. Alitazama shati langu jeupe, la pekee nililonalo la kwendea usaili.

"Amekukojolea."

"Najua."

"Tangu wapi?"

"Kabla ya mlango. Kabla sijaulizwa."

"Kabla," akarudia, na akaondoka upesi na mtoto, uso ameuficha kwenye leso ya njano. Lumago alipita na jembe lake lililobarikiwa. "Baba Taban," akaniita, kama mtu anayemwita askari wake, "chai iko tayari."

Mchana huohuo Swaib alinirudisha Arua. Magoti yangu yalikuwa matupu na sikujua niweke wapi mikono. Tangu Koboko nilijitayarisha kwa ajili ya mama. Mambo matatu ya kuanzia, mawili ya kumtuliza, na jibu la kila pingamizi. Swaib alinisikiliza nikiyasema kwa sauti mpaka Maracha.

"Mwalimu, wewe narudi nyuma," akasema. "Mambo iko imekwisha kule mlangoni."

Nilidhani alikuwa anatania. Lakini nilichojifunza katika safari ile ni hicho tu, na ningali najifunza: kuna mambo ambayo mtu hayafahamu kwanza ndipo ayafanye. Yosefu hakueleza. Yule kijana wa mpakani hakueleza. Walibeba, wakaulizwa, wakajibu, na baadaye wakawa na maisha mazima ya kuelewa walichosema.

Ayivu nilifika jua likiwa bado juu ya miti. Mama alikuwa nje ya jiko akimenya mihogo. Nilimsalimu, nikapita ili niingie ndani, nipange maneno yangu. Hakuinua kichwa. Pua yake ndiyo iliyoinuka.

"Adriko, simama. Shati lako linanuka mkojo wa mtoto. Mtoto wa nani?"

Hapakuwa na msafara wala katekista. Kuku alikuwa akichakura maganda.

"Wangu, mama."

Kisu kilisimama katikati ya muhogo. Alinitazama, mbele, kisha akanigeuza na kutazama mgongo, pale alama ilipokauka ikawa na umbo la kitu kidogo kilichokunjamana. Akaipima kwa kiganja, toka kiunoni hadi ilipoanzia.

"Vua nifue," akasema. "Na nani amekufundisha kufunga leso juu namna hiyo? Mlete huyo mtoto nikuonyeshe, kabla hujamwangusha."